Kozi ya Jumanne

12 Januari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua shikamoo yako iko njiani, kama haijaangukia chini ya begi la mtu wa posta. Sisi hatujambo. Mama yako alipita hapa Jumapili. Goti limepoa, ulimi mzima kama ulivyouacha. Mkaza mjomba wako anauliza kama huko mnapata muda wa kula au mnashiba vitabu. Binamu yako Macho ameniamuru niandike kwamba kitanda chako amekitwaa, na chake amekipanga madaftari, kwa hiyo ukirudi utalala chini. Kila nikikata mkate bado ananidai "nusu kubwa" kwa mikono yake miwili, mbele yangu mimi mwalimu wa hesabu, mradi kunichokoza. Na mimi bado nachokozeka.

Najua utashangaa: msomi wa teknolojia ya elimu anaandikiwa karatasi. Lakini sheria ya nyumba unaijua. Jambo la maana linaandikwa, linawekwa mezani, kila mmoja analisoma. Simu inatufaa sisi tunaosikia. Tunacheka, tunaguna, na Macho anabaki kututazama midomo. Umelala naye chumba kimoja miaka yote ya sekondari, sina haja ya kukueleza.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu wa kitengo cha viziwi hapa shuleni anastaafu mwisho wa mwaka huu, na hana wa kumrithi. Mkuu wa shule ameambiwa wazi: asipopatikana mwalimu mwenye cheti cha kufundisha wasiosikia, kitengo kinafungwa na watoto wanamwagwa kwenye madarasa ya kawaida. Macho amebakiza miaka mitatu. Wewe lugha ya alama unayo, alikufundisha yeye; kilichobaki ni karatasi ya chuo. Uliniambia kwamba katika shahada hiyo ya uzamili mwanafunzi anajipangia kozi mwenyewe. Hebu nieleze unavyojipangia, maana sisi huku tunapanga kwa kukutegemea wewe.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mkaza mjomba umfikishie nzima, usiigawe. Mwambie nakula. Mwambie Macho kitanda ni changu na aondoe miguu yake.

Nimepata chumba ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kamba za nguo za jirani. Naishi na nesi aliyerudi shule ukubwani. Akisoma anajisemea, akichoka ananisemea mimi. Idara yetu ni korido moja tu. Kuna mashine ya kuchapa inayokwama kila mtu akiwa na haraka, na mlango wa msimamizi wangu umebandikwa ratiba juu ya ratiba mpaka mbao hazionekani.

Kuhusu kozi ni hivi. Zipo nne za lazima: namna watu wanavyojifunza, usanifu wa masomo, takwimu na mbinu za utafiti. Hizo hazina mjadala, unazimeza. Halafu kuna za hiari, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anachagua iliyo rahisi, au anayofuata rafiki yake, akifika kwenye mradi wa mwisho anakuta hana alichojifunza cha kuufanyia. Msimamizi wangu anatuambia tuanzie mwisho. Ukimaliza unataka kuwa wapi, unafanya nini? Ukishajua, rudi nyuma, uliza ni kozi gani itakufikisha pale, na ni ipi lazima iitangulie.

Nikamwambia nataka kumaliza nikiwa nimesimama mbele ya kitengo cha viziwi. Basi imekuwa rahisi. Muhula wa pili nachukua kozi ya zana za wanafunzi wenye mahitaji maalumu, Jumanne asubuhi. Hutolewa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata, kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Nikishafaulu hiyo, chuo kinanipa cheti chake hata kabla ya shahada. Mwaka wa pili ni mradi tu, na mradi nitakuja kuufanyia kwenu, Januari, mwalimu akiondoka mimi naingia.

Msimamizi alinitaka niujaze mpango kwa penseli, anasema mipango ya wanafunzi hubadilika. Mimi nimeujaza kwa wino, Mjomba. Waambie hivyo mezani.

Chiriku wenu


11 Machi

Chiriku,

Marahaba, na hongera. Hatujambo hata mmoja wetu. Mama yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kwenye nyumba za watu wote.

Barua yako imesomwa mezani mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Macho akaipeleka kitengoni. Wenzake wamekutungia jina la alama: vidole viwili kando ya mdomo, vinafunguka na kufunga, mdomo wa ndege. Sasa hivi wakikutaja wanafanya hivyo, na mimi nimejifunza, naifanya hata nikiwa peke yangu jikoni nikisubiri maji yachemke. Nacheka mwenyewe kama mwehu.

Bodi ya shule iliniita wiki iliyopita juu ya ile nafasi. Waliuliza waliyouliza nami nikawajibu nilivyowajibu. Yasikusumbue, wewe soma.

Mjomba


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya, muhula huu umetubana kooni. Mkaza mjomba hajambo? Mama aliniambia paa la jikoni lilivuja, natumaini mmeshaliziba.

Huku kumekuwa na baridi siku nyingi. Mwenzangu nesi amefaulu takwimu baada ya kulia wiki nzima, akaninunulia soksi kwa furaha, sijui kwa nini soksi. Na jambo jingine: idara ina chumba cha kurekodia, kuta zote zimefunikwa sponji, ukifunga mlango unasikia hata unavyomeza mate. Siku moja walihitaji mtu wa kusoma kipindi cha watoto, nikasoma. Fundi wa sauti alivua vile vya masikioni akasema sauti yangu inamkalisha mtoto kitako. Sijawahi kuambiwa hivyo. Nyumbani mlikuwa mnaniambia ninyamaze!

Masomo yanakwenda vizuri. Msalimie Macho. Nilipiga simu Jumamosi nisikie sauti zenu, nadhani mtandao ulikuwa mbaya.

Chiriku


8 Julai

Chiriku,

Marahaba. Paa tumeziba. Soksi ni zawadi nzuri.

Mtandao haukuwa mbaya. Tulikuwa tunakula. Nikakuuliza habari za kozi, ukaniambia kuna baridi. Nikakuuliza tena, ukamtaka mkaza mjomba wako. Naye akakuuliza, ukasema mlango unagongwa. Macho alikuwa ameacha kula, anatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kuondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Hukuwa umeipigia nyumba hii simu tangu uondoke. Nilijua hapo hapo, ila moyo wa mzazi una ujinga wake, nikajipa siku nyingine za kungoja barua. Barua imekuja na imejaa kila kitu isipokuwa kimoja.

Nakuuliza swali la mtihani, la alama moja. Jumanne asubuhi unaingia darasa gani? Nijibu jina la kozi. Hali ya hewa naisikia redioni.

Mjomba wako


25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nawasalimu wote.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Jumanne asubuhi niliingia darasa la utengenezaji wa vipindi vya sauti. Mwishoni mwa Machi walibadilisha ratiba katikati ya usajili, kozi mbili zikaangukia saa ile ile, ikabidi kila mtu achague moja. Nilipewa siku mbili. Barua kwenu isingefika, na simu sikuweza kuipiga, nawajua. Nikafuta ile, nikaandika hii. Wino unafutika, Mjomba, kumbe wanayo karatasi nyeupe ya kubandika juu.

Kuna kampuni inayotengeneza masomo ya shule, watu wake inawachukua kwenye darasa hilo. Wamenichukua. Nimeanza kuwafanyia vipindi vya hesabu vya madarasa ya chini, na huo ndio utakuwa mradi wangu.

Utasema nimewauza. Kabla hujasema, nisikilize. Tangu nilipokuja kukaa kwenu nimekuwa mdomo wa Macho. Dukani, hospitali, kwa walimu, hata wavulana waliokuja kumtania njiani, mimi ndiye niliyewajibu. Nampenda. Lakini hakuna mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyewahi kuniuliza kama nataka kuwa mwalimu wake. Ilionekana tu kwamba nitakuwa, kama vile inavyoonekana kwamba mlango utafunguka ukisukumwa. Kwenye kile chumba cha sponji mtu alinitazama akaniambia, "Sema." Sio nitafsiri. Niseme mimi.

Walimu wa viziwi wapo, Mjomba. Tangazeni nafasi, mtapata aliyesomea na anayetaka.

Chiriku


20 Septemba

Chiriku,

Sina salamu za kukupa.

Aliyesomea na anayetaka alikuja. Alikuja Machi, mama mmoja wa makamo, ana cheti, amefundisha wasiosikia tangu wewe hujazaliwa. Aliingia kitengoni akasalimiana na watoto, na dakika ile ile wakamzunguka. Bodi ilinitaka ushauri kwa kuwa mimi ndiye mwenye mtoto pale. Nikatoa barua yako mfukoni, ile ya wino, nikaiweka mbele yao. Nikawaambia nafasi hii ina mwenyewe, ni damu yangu, Januari atakuwa hapa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejisifu. Yule mama akanishukuru, akachukua mwavuli wake, akaenda.

Barua yako ilipofika nilimtafuta. Ameajiriwa mbali na ameshahamisha watoto wake. Tumetangaza, kama ulivyotushauri. Wamejitokeza wawili, na hakuna kati yao anayejua hata kuuliza "hujambo" kwa mikono. Bodi imeshapiga kura. Kitengo kinafungwa mwalimu akiondoka.

Mkaza mjomba wako hasemi nami. Anasema wewe ulikuwa mtoto na mtoto hubadili nia; mimi mzee mzima ndiye niliyemfukuza mtu aliyekuwepo kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Ni kweli. Unadhani hilo linanipunguzia hasira juu yako? Linaiongeza.

Unasema hakuna aliyekuuliza. Sawa, hatukukuuliza. Na wewe ulipoona hutaki, ulishindwa nini kuandika mstari mmoja? Mwezi Machi, mstari mmoja ungetosha.

Barua yako ya Agosti sikuiweka mezani. Ni ya kwanza kufichwa katika nyumba hii. Macho nimemwambia kozi ilijaa, ukakosa nafasi. Akanijibu, maskini, kwamba utakuwa umeumia sana, na kwamba nikuandikie usijali. Nimekuandikia.

Mjomba


14 Novemba

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Mbona hukuniambia? Nimeisoma tena barua yako ya Machi. "Waliuliza waliyouliza nami nikawajibu nilivyowajibu. Yasikusumbue." Ungeandika tu kwamba kuna mtu amekuja na umemrudisha kwa ajili yangu! Ningejua nimebeba nini. Nilidhani nabadilisha kozi, Mjomba, kozi moja kwenye karatasi. Sikujua kwamba mmeshafunga mlango nyuma yangu. Sisemi kwamba ningechagua vingine. Labda ningechagua vile vile. Lakini ningewaambia mapema, nayo nafasi mngempa mwenyewe.

Nilikwenda kwa msimamizi kuulizia ile kozi. Inarudi mwaka kesho kutwa. Nilikaa ofisini kwake nikalia, akanisogezea kiti cha pili niweke begi.

Kuna kitu kimoja nimeweza kukifanya. Kampuni inapeleka vishikwambi shuleni, vyenye vipindi vyangu vya hesabu ndani, kwa majaribio. Niliomba shule yenu iwe ya kwanza na wamekubali. Januari mtaletewa boksi. Ni masomo mazuri, Mjomba, nimeyatengeneza nikikukumbuka unavyofundisha. Nimeweka hata utani wetu wa mezani. Najua haifanani na mwalimu. Lakini Macho atakuwa na kitu changu mkononi. Naomba umwonyeshe.

Nisamehe, au hata usinisamehe, ila nijibu.

Chiriku


30 Januari

Chiriku,

Mama yako hajambo, goti limerudi kuuma. Mkaza mjomba wako ameanza kusema nami, ya lazima tu. Kitengo kilifungwa kabla ya likizo. Madawati yake wamehamishia ukumbini, chumba wanawekea mipira na nyavu. Watoto wanne hawakurudi shule, wazazi wao wanasema hawaoni sababu. Waliobaki wametawanywa.

Macho yuko darasa la mwalimu wa historia, mtu mwema, hana neno baya na mtoto. Anaandika ubaoni huku anaeleza, kwa hiyo anaueleza ubao. Nimemwomba ageuke. Anageuka, baada ya muda anasahau. Nilipita dirishani nikamwona binti yangu ameshika kalamu, anatazama mgongo wa mtu.

Boksi limefika. Mkuu wa shule alifurahi, akaniita mimi wa hesabu nilifungue, akataka madarasa mawili yakae pamoja ukumbini waone. La Macho lilikuwa moja kati yao. Ni la juu kwa masomo hayo, lakini mkuu alitaka ukumbi ujae. Nikawasha kishikwambi kimoja kilichounganishwa na spika kubwa. Likatokea chungwa. Chungwa likakatwa, vipande vikaenda kushoto na kulia, na wewe ukaanza kusema.

Sitakudanganya, ni kazi safi. Umeeleza sehemu na nusu vizuri kuliko ninavyoeleza mimi. Watoto walitulia, hakuna aliyekohoa. Nilisogea karibu nikatafuta chini ya picha, nikatafuta juu, nikabonyeza kila palipobonyezeka. Hakuna neno lililoandikwa. Hakuna herufi, hakuna mkono unaoonyesha, hakuna hata tarakimu. Chungwa na sauti yako, basi. Mtu mwingine angefanya hivyo ningesema hajui. Wewe ulijifunza kutumia mikono kabla hujajifunza kupika chai, na hukukumbuka, au ulikumbuka na hukujua inafanywaje, kwa sababu inafundishwa Jumanne asubuhi katika chumba kile kingine.

Halafu ukafika kwenye utani. Ukaigiza mtoto mlafi, ukasema, "Mimi nipeni nusu kubwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwalimu wa historia akashika mbavu, wakarudia, "Nusu kubwa! Nusu kubwa!"

Macho alikuwa safu ya pili. Aliwatazama wanaocheka upande huu, akageuka akawatazama wa upande ule, akacheka kidogo naye ili asionekane tofauti. Kisha akanitafuta mimi kwa macho. Akaniuliza kwa mikono, "Ni nani anayewachekesha hivyo?"

Vidole vyangu vilikwisha kufika kando ya mdomo, kufanya ile alama ya ndege. Nikavishusha.

Nikamwambia simjui.

Mjomba